Mfungaji wa pili wa timu bingwa: tunampima kwa kigezo gani?

Mwana_Makande (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum.

Kuna ubishi ulianza maskani Bondeni wakati wa fainali za NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) za 2025, Oklahoma City na Indiana, na mpaka leo haujapoa. Nimeona niulete hapa tubishane kwa hoja, maana kule anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Swali lenyewe: mfungaji wa pili mzuri kwenye timu ya ubingwa ni mtu wa aina gani? Namaanisha yule anayemfuata staa. Wengi wakiulizwa hufungua takwimu, wakatazama nani ana wastani wa pili kwa ukubwa, wakazima simu. Kwangu mimi huo ni uvivu. Msimu wa kawaida una mechi 82, na nyingi unacheza na timu iliyotua jana usiku na kesho inapanda ndege tena. Hakuna aliyekaa kukusoma. Kwenye mchujo timu moja inakukabili mpaka mara saba, kocha wao amekesha na video zako, kila mahali unapopenda kutupia wameshaweka mtu. Hapo ndipo wastani wa 22 unashuka mpaka 14 na mashabiki wanaanza kulaumu marefa.

Mimi nampima kwa zile dakika ambazo wa kwanza hayupo. Na kutokuwepo si kukaa benchi tu. Anaweza kuwa uwanjani amezungukwa na watu wawili kila akigusa mpira. Anaweza pia kuwa huru kabisa, ila mkono umegoma.

Chukueni fainali ya 2011, mechi ya sita, Dallas wako Miami. Dirk Nowitzki, aliyewabeba mchujo mzima, nusu ya kwanza alitupa mara 12 ikaingia moja. Moja! Ukimwonyesha mtu hesabu hiyo bila kumwambia matokeo, atakwambia Dallas walikuwa wameshaachwa mbali. Kumbe wakati wa mapumziko walikuwa mbele, 53 kwa 51, kwa sababu Jason Terry alitoka benchi akatia 19 peke yake katika nusu hiyo. Alimaliza na 27, Dallas wakashinda 105 kwa 95 na kubeba kombe lao la kwanza. Dirk aliamka nusu ya pili, tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwake, na ni haki yake. Lakini aliamka akakuta mechi bado ipo hai, na aliyeiweka hai ni mtu ambaye hata kwenye kikosi cha kuanza hakuwemo.

Au rudini nyuma zaidi, 2000, mechi ya nne, Lakers wako Indiana. Muda wa nyongeza, Shaquille O'Neal anatolewa kwa faulo ya sita akiwa na pointi 36. Shaq wa mwaka ule alikuwa hakabiki. Kobe Bryant ana miaka 21, mguu ameuumiza mechi ya pili, ya tatu hakucheza. Akaomba mpira. Katika muda huo wa nyongeza akatia pointi 8, na kikapu chake cha mwisho alikirukia pale pale chini ya ringi baada ya Brian Shaw kukosa. 120 kwa 118. Tazameni ile mechi tena kama mnaweza kuipata: Shaq anapokwenda benchi, Kobe anawaonyesha wenzake kwa mikono kwamba tulieni, niko hapa. Miaka 21!

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili, staa akiwepo, huyu wa pili asimzibie njia. Hapa mfano wangu ni Klay Thompson wa Golden State. Desemba 2016 aliwatia Indiana pointi 60 kwa dakika 29, na usiku mzima alidunda mpira mara 11 tu. Mpira ulikaa mkononi mwake kama dakika moja na nusu. Yaani mtu anapata 60 na Stephen Curry bado ana muda wote wa kuchezea mpira anavyotaka. Kuna wafungaji wenye wastani mkubwa kuliko Klay ambao kila pointi yao inamla mwenzao sekunde kumi za kusimama na kutazama.

Wenye sifa zote mbili ni wachache, na nikitazama mabingwa wa karibuni naona hao hao. Khris Middleton wa Milwaukee, 2021: Giannis Antetokounmpo anaingia ndani kwa nguvu, Middleton anaishi umbali wa kati, hawagongani. Mechi ya nne ya fainali na Phoenix kila mtu anakumbuka Giannis alivyomzuia Deandre Ayton hewani. Ni wangapi wanakumbuka kwamba Middleton alifunga 40 usiku ule? Wangepoteza ile wangekuwa nyuma 3 kwa 1. Jamal Murray wa Denver, 2023, naye hivyo hivyo. Mechi ya tatu na Miami yeye alikuwa na pointi 34, ribaundi 10 (mipira aliyoidaka baada ya mtu kukosa) na asisti 10 (pasi za kufungisha), Nikola Jokić 32, 21 na 10. Wachezaji wawili wa timu moja kufikisha kumi au zaidi katika yote matatu mechi moja, tena wote juu ya pointi 30, hakujawahi kutokea kabla.

Haya, karibuni. Msinijibu kwa majina matupu.

Chumvi_ya_Likoni

Kyrie Irving wa Cleveland. Mechi ya saba ya fainali 2016, sekunde 53 zimebaki, ngoma 89 kwa 89, pointi tatu mbele ya uso wa Curry. Uzi ufungwe, tukalale.

Mwana_Makande

Yakhe, nimesema majina matupu sitaki na wewe umekuja na jina moja na saa.

Chumvi_ya_Likoni

Saa ndiyo hoja yenyewe.

Kona_ya_Kisauni

Chumvi, ngoja nikuulize kitu. Kyrie huyo huyo, mikono hiyo hiyo, 2024 alikwenda fainali na Dallas. Mechi ya kwanza Boston akapata 12. Wakafungwa 4 kwa 1. Alisahau kucheza?

Mimi naona mleta uzi ametazama mchezaji akasahau mpinzani. Mfungaji wa pili kwa kawaida anapewa mkabaji wa pili kwa ubora, na huo ndio mtaji wake. Wa kwanza anapigana na simba, yeye anapigana na mtu wa kawaida. Boston wa 2024 walikuwa na Jrue Holiday, Derrick White, Jaylen Brown na Jayson Tatum, wote wanakaba. Luka Dončić wakamwachia mtu mmoja mmoja, afunge anachoweza. Hawakupeleka wa pili kumsaidia mkabaji, kwa hiyo hakuna aliyeachwa wazi. Kyrie akakuta mlango umefungwa na hakuna aliyetoka kwenda kumzuia Luka. Mwaka 2016 LeBron James akiingia ndani watu wote wanamfuata, Kyrie anapewa mtu mmoja na nafasi. Mechi ya tano ya fainali ile kila mmoja wao alipata pointi 41.

Kwa hiyo mimi swali langu kwa mfungaji wa pili ni moja: ukikutana na timu yenye wakabaji wawili wa daraja la kwanza, una nini? Kama jibu ni "napiga chenga zaidi", basi wewe ni mzuri mpaka nusu fainali.

Bi_Kocha_Tudor

Hamjambo wanangu. Huwa nasoma tu siandiki, ila hili linanigusa kwa sababu kila mwaka napewa wasichana wa sekondari na kila mwaka tatizo ni lile lile: wa kwanza ninaye, wa pili namtafuta.

Mnaangalia mpira. Mimi kwenye mechi humwangalia anayemkaba yule wa pili. Staa wangu akishika mpira upande wa kulia, mkabaji wa kule kona ya kushoto anafanya nini? Kama ameshapiga hatua mbili kuelekea katikati na mgongo ameugeuza, maana yake msichana wangu wa pili hamtishi. Anaweza kuwa na pointi 15 kwa mechi, lakini yule mkabaji amemwamulia kwamba hatofunga akipewa mpira ghafla. Kama mkabaji amesimama na mkono mmoja umemgusa jezi, hataki hata kugeuza shingo, basi huyo hata asipofunga amenifungia. Amenitolea mtu mmoja njiani.

Sasa nini kinachomfanya mkabaji aogope? Ni miguu na mikono kabla mpira haujafika. Nina msichana mmoja, sitamtaja, mtupo wake ni mzuri kuliko wa staa wangu. Lakini akipitisha mizunguko mitatu hajapewa mpira, mabega yanashuka. Anaanza kutembea badala ya kukimbia kwenda kona. Mikono inaning'inia. Mpira ukimfikia inabidi aushike, aushushe tumboni, apange miguu, ndipo atupe, na hapo mkabaji amesharudi. Mwenzake ambaye mtupo wake ni wa wastani hukaa magoti yamekunjwa na viganja viko wazi kifuani mchezo mzima, apewe asipewe. Huyo ndiye niliyemfanya wa pili. Wazazi walinijia juu.

Na sisi tunachezea kiwanja cha saruji, wazi, pepo za kusi zikianza kuvuma mtupo wa kona unapinda. Ukichelewa nusu sekunde umekwisha.

Kwa hiyo Mwana_Makande, Klay unayemsifu simsifu kwa zile 60. Namsifu kwa mechi ambazo robo nzima haguswi na bado anakimbia nyuma ya skrini, yaani mwenzake anayesimama kumzibia mkabaji njia.

Mwana_Makande

Kocha, shikamoo. Hili la kumwangalia mkabaji nimelichukua, nakwenda nalo maskani leo.

Mzee_wa_Mbaraki

Vijana mnasema kufunga, kufunga. Wakati wetu Chicago ilipochukua kombe lake la kwanza 1991, Michael Jordan alikuwa Jordan, hilo halina mjadala. Lakini mfululizo ule na Lakers uligeuka pale Scottie Pippen alipopewa kazi ya kumkaba Magic Johnson, mpira unapandishwa na Pippen yuko mbele yake uwanja mzima. Mechi ya tano akamaliza na pointi 32 na ribaundi 13 huku bado anakaba. Ndipo nilipojua kwamba wa pili mzuri ni yule ambaye siku hafungi bado humtoi.

Jordan alipoondoka, msimu wa 1993/94, wengi walisema Chicago itazama. Walishinda mechi 55. Mwaka wa kabla na Jordan walishinda 57. Lakini kombe hawakulichukua, na mchujoni na New York, sekunde 1.8 zimebaki, kocha akampa Toni Kukoč mtupo wa mwisho, Pippen akagoma kurudi uwanjani. Kukoč akafunga. Wanaopenda kumkejeli Pippen hutaja hilo tu. Mimi nalitaja kwa sababu nyingine: kuna watu wamezaliwa kuwa wa pili bora duniani, na kuwalazimisha kuwa wa kwanza kunawaumiza.

Halafu Detroit ya 2004 mnaiweka wapi? Waliwapiga Lakers wenye Shaq na Kobe 4 kwa 1. Wa kwanza wao nani? Richard Hamilton ndiye aliyekuwa akifunga zaidi, tuzo ya fainali akapewa Chauncey Billups. Wa pili nani? Na Lakers walikuwa na wa kwanza na wa pili bora kuliko wote. Nadharia zenu zinavuja.

Kona_ya_Kisauni

Mzee wangu, Detroit ni wali wa sherehe bila pilau masala: umefana siku ile, lakini nani anapika hivyo kila wiki? Toa mfano mwingine wa timu ya namna ile iliyochukua kombe tangu wakati huo.

Mzee_wa_Mbaraki

Kijana, mfano mmoja wenye kombe unatosha kuvunja kanuni. Na Hamilton mwenyewe alikuwa anafunga vipi? Anakimbia, anazunguka skrini tatu, anapokea, anatupa. Hana haja ya mpira. Kocha wa Tudor hapo juu angempenda.

Bi_Kocha_Tudor

Ningempenda sana. Barakoa aliyokuwa akiivaa usoni tu ndiyo ingenitishia wasichana.

Pepo_za_Mtwapa

Mbona mnakwenda Marekani wote? Tukija nyumbani hii shida iko wazi. Morans wetu, timu ya taifa ya Kenya, 2021 kule Yaoundé, Angola ambao wakati ule walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11, tunawafunga 74 kwa 73 kwa mtupo wa mwisho wa Tyler Ongwae. Tukarudi AfroBasket, mashindano ya kikapu ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini tukiwa wakweli, mpira wa mwisho ulikuwa unakwenda kwa nani, kila mtu alijua, na Angola walijua. Siku ile uliingia. Ukitaka kushinda mashindano ya wiki mbili huwezi kuishi kwa mtupo ambao ukumbi mzima unaujua.

Na hapa Mombasa, mkitaka kuona wa pili anavyofanya kazi, nendeni Makande siku dada wa KPA (timu ya mamlaka ya bandari) wanacheza na Equity (timu ya benki). Si mechi za kutazama nani amepata 30. Unaona wanaokaba staa wakitanguliwa, mpira unatoka ndani, unarudi nje, na aliyefunga ni mtu ambaye robo nzima hukumtaja. Kiingilio ni kidogo kuliko hizo bando mnazochoma usiku.

Chumvi_ya_Likoni

Bando yangu inaniuma kweli. Fainali zinaanza saa tisa unusu usiku, robo ya tatu Alfajiri inaadhiniwa, na kazi saa mbili.

Haya nikubali kwamba sikuleta hoja mwanzo, niilete sasa. Los Angeles 2010, mechi ya saba na Boston. Kobe alitupa 24 zikaingia 6. Waliokoka kwa nini? Pau Gasol, pointi 19 na ribaundi 18. 83 kwa 79. Nusu ya ribaundi hizo, tisa, zilikuwa za kuokota mitupo iliyokoswa na timu yake mwenyewe. Mfungaji wa pili akiwa mrefu, staa akikosa yeye ndiye wa kwanza kuupata. Hili hamjalisema. Mnawaza wanaocheza mbali na ringi tu.

Mwana_Makande

Chumvi leo umekula nini? Hiyo nzuri.

Mzee wangu, naheshimu, lakini sikubaliani na hili la kwamba kuna aliyezaliwa wa pili. Kobe alikuwa wa pili 2000, baadaye akawa wa kwanza na makombe mawili. Mtazameni Jaylen Brown: msimu mzima Boston inaitwa timu ya Tatum, fainali za 2024 tuzo inakwenda kwa Brown. Nafasi ya pili ni kazi ya mwaka huu, mwakani inaweza kuwa ya mwingine.

Na ule ubishi wa Bondeni ulioniletea uzi huu ulikuwa juu ya Jalen Williams. Kundi moja linasema Shai Gilgeous-Alexander ndiye Oklahoma City, wengine ni abiria. Mfululizo ulikuwa 2 kwa 2, mechi ya tano Williams akatia 40. Walichukua kombe kwenye ya saba. Baadaye ikajulikana alikuwa anacheza na kano iliyochanika kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mkono huo ndio anaotupia. Akafanyiwa upasuaji baada ya msimu. Kwa kipimo cha Kona_ya_Kisauni, Indiana walikuwa na Andrew Nembhard na Aaron Nesmith, wakabaji wawili wa kweli. Bado 40.

Kona_ya_Kisauni

Hapo umenipata. Ila ongeza kwamba alikuwa akiingia ndani na kuchukua mitupo huru, hakukaa nje akitumaini. Mtupo huru hautegemei mkabaji. Ndio maana nasema "una nini kingine".

Na mmemsahau Pascal Siakam wetu wa Cameroon. 2019, Toronto, fainali yake ya kwanza kabisa, mechi ya kwanza na Golden State: pointi 32, ametupa 17 zikaingia 14. Golden State walikuwa wamejipanga kwa Kawhi Leonard. Alikuwa mseminari huyo, anasomea upadri, kikapu amekianza ukubwani.

Pepo_za_Mtwapa

Kocha, swali la kweli. Nina vijana mtaani, tuna ringi moja na wavu hauna. Wa kwanza ninaye, anajijua, na wenzake wanamsubiri yeye tu. Huyu wa pili unamfundisha vipi?

Bi_Kocha_Tudor

Usimfundishe peke yake, maana tatizo liko kwa wote. Mimi nafanya hivi. Wanne kwa wanne, nusu uwanja, ringi moja yatosha. Dakika nne staa haruhusiwi kufunga. Anaweza kuingia ndani, anaweza kuvuta watu, lakini lazima atoe. Unayemtaka awe wa pili anaruhusiwa kudunda mara mbili tu, ya tatu ni kosa, mpira kwa wapinzani. Na wakabaji waambie waziwazi kwamba atakayetupa ni huyu. Usiwafiche. Siku za mwanzo hatapata kitu. Baadaye ataanza kusogea kabla staa hajainua kichwa, na hapo utaona mikono yenyewe inapanda kifuani.

Ukimaliza dakika nne, mruhusu staa afunge na uendelee kuhesabu mara ngapi anautoa mpira bila kulazimishwa.

Pepo_za_Mtwapa

Na staa akinuna?

Bi_Kocha_Tudor

Atanuna. Mpe filimbi achezeshe.